Sukari ikishuka yenyewe, figo zipimwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo nililiona mara nyingi nilipokuwa muuguzi katika kliniki ya kisukari, na ambalo kwa maoni yangu halijapewa uzito unaostahili magazetini, redioni wala katika vikao vya wagonjwa wenyewe. Nina maana ya mgonjwa wa kisukari wa muda mrefu ambaye sukari yake, iliyomsumbua miaka nenda miaka rudi, inaanza kushuka bila yeye kubadili chakula wala dawa. Mgonjwa hufurahi, ndugu zake hufurahi, na pengine hata mhudumu anayempima humpongeza, ilhali figo zake ndizo zimeanza kushindwa kazi.

Kilichonisukuma kuandika sasa ni habari za utafiti zinazosambaa kuhusu peptidi, yaani vipande vidogo vya protini vyenye kazi inayofanana na ya homoni, ambavyo wanasayansi wa nchi mbalimbali wanavipima katika damu ya watu wenye ugonjwa wa figo uliosababishwa na kisukari, wakitumaini kupata dalili ya mapema zaidi kuliko tulizonazo. Wagonjwa ninaowafahamu wananiuliza kama vipimo hivyo vimeshafika nchini na kama ni ghali. Wana haki ya kuuliza. Hata hivyo peptidi ya kwanza ambayo mgonjwa wa kisukari anapaswa kuijua kiwango chake kinavyobadilika figo zinapochoka ni ile ambayo wengi wao wanajidunga kila siku, nayo ni insulini.

Insulini ni peptidi yenye amino asidi 51, na kwa mtu mwenye afya hutengenezwa na kongosho. Ikishatoka huko hupitia kwanza kwenye ini, na ini huondoa karibu nusu yake kabla haijasambaa mwilini. Ile inayobaki ikishafanya kazi yake, sehemu kubwa huishia figoni, ambako huchujwa kutoka kwenye damu, hunyonywa na seli za mirija ya figo, kisha huvunjwavunjwa. Insulini ya sindano haianzii kwenye ini; huingia katika damu moja kwa moja kutoka chini ya ngozi, na kwa sababu hiyo kwa mtu anayejidunga figo hubeba mzigo mkubwa zaidi wa kuiondoa. Figo zinapopungukiwa nguvu, insulini ile ile, kwa uniti zile zile, hukaa mwilini kwa muda mrefu zaidi na kuendelea kushusha sukari hata pale ambapo ingepaswa kuwa imekwisha. Pamoja na hayo, figo zenyewe ni mojawapo ya viungo vinavyotengeneza sukari mtu anapokaa saa nyingi bila kula, usiku kwa mfano, na zikiharibika kazi hiyo nayo hupungua. Ongeza hapo kwamba taka zinapojaa katika damu mgonjwa hupoteza hamu ya chakula, hupata kichefuchefu na kuhisi ladha mbaya mdomoni, hivyo anakula kidogo kuliko zamani. Mambo haya matatu yakikutana kwa mtu mmoja, sukari yake itashuka tu, hata kama kisukari chenyewe hakijaondoka.

Tiba inalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1936 Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walieleza makovu yenye umbo la vinundu waliyoyakuta katika vichujio vya figo za wagonjwa wa kisukari waliofariki, na makovu hayo yanaitwa kwa majina yao hadi leo. Mwaka 1951 madaktari Zubrod, Eversole na Dana walichapisha makala katika New England Journal of Medicine wakionyesha kwamba wagonjwa wenye makovu hayo walikuwa wakionekana kama waliopata nafuu ya kisukari: mahitaji yao ya insulini yalipungua, na ile hali ya hatari ya damu kujaa asidi ilikuwa nadra kwao. Nafuu hiyo ilikuwa inakuja pamoja na kufa kwa figo. Zaidi ya miaka 70 imepita tangu makala hiyo itoke, lakini maarifa yaliyomo bado hayajamfikia mgonjwa wa kawaida anayekaa kwenye benchi la kliniki akisubiri kuitwa jina.

Nitatoa mfano mmoja, nikiwa nimeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mhusika. Mama mmoja mtu mzima alikuwa akitunziwa kumbukumbu zake na mjukuu wake katika daftari lenye jalada gumu, kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula, safu ya asubuhi na safu ya jioni. Alikuwa akijidunga insulini ya mchanganyiko, uniti 30 asubuhi na 20 jioni. Katika kurasa za mwanzo namba za sukari (milimoli kwa lita) zilikuwa 14, 13, 15. Kadiri unavyofunua kurasa zinakuwa 11, 9, kisha 7, halafu 5, na kuanzia hapo mjukuu alikuwa anaweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu pembeni ya kila namba. Mama alikuwa amebadilisha viatu akavaa kandambili kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, lakini hilo halikuandikwa daftarini, maana daftari lilikuwa la sukari. Alipokuwa akihudhuria matibabu, kituoni walikuwa wakimpima sukari na presha, wakimwambia anaendelea vizuri na kumrudisha nyumbani na dozi ile ile. Usiku mmoja akakutwa amelowa jasho, anazungumza maneno yasiyoeleweka. Wenyeji wake wakasema malaria imempanda kichwani, wakaanza kutafuta usafiri wa kumpeleka akatundikiwe dripu ya dawa ya malaria. Ni yule mjukuu aliyekumbuka kuchukua mashine akampima, na mashine ikasoma 1.9. Walimpaka sukari ndani ya shavu kidogo kidogo huku wakimpeleka hospitali, akapona usiku ule. Kreatinini yake, yaani taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu, ilipopimwa kesho yake, kasi ya uchujaji wa figo inayokadiriwa kwa kipimo hicho (mililita kwa dakika) ilikuwa chini ya 20.

Usiku kama ule umewakuta wengine wengi, na si wote waliokuwa na mjukuu makini. Aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi anaweza pia kupoteza zile dalili za tahadhari, kutetemeka na moyo kwenda mbio, ambazo huamsha mtu usingizini sukari inaposhuka. Dozi ya insulini lazima ifuate hali ya figo: mwongozo mmoja unaotumiwa na madaktari tangu zamani, uliotoka Marekani, unapendekeza dozi ipunguzwe kwa robo kasi ya uchujaji inapokuwa kati ya 10 na 50, na kwa nusu inaposhuka chini ya 10. Nazitaja namba hizi ili msomaji aone ukubwa wa tofauti, na namsihi asizitumie kujipangia dozi mwenyewe, kwa kuwa kila mgonjwa ana hesabu yake ambayo daktari ataifanya akiwa na majibu ya maabara mkononi.

Wanaotumia vidonge nao wamo. Glibenklamidi, kidonge cha bei nafuu ambacho wazee wengi wa Afrika Mashariki wamekitumia kwa miaka mingi, hulazimisha kongosho kutoa insulini zaidi, na mabaki yake yenye nguvu ya dawa hutegemea figo ili yatoke mwilini. Figo zikichoka, kidonge cha asubuhi kinaweza kumshusha mtu sukari hadi usiku wa kesho yake. Anaamshwa kwa maji ya sukari, anapata fahamu, kisha baada ya saa chache anazama tena. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hiyo halazwi nusu siku na kuruhusiwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza katika orodha yake ya dawa muhimu kwamba glibenklamidi haifai kwa watu waliozidi umri wa miaka 60. Metformini nayo, ambayo ni dawa nzuri na ninaiheshimu, hupunguzwa kasi ya uchujaji inapokuwa chini ya 45 na husimamishwa ikishuka chini ya 30. Hakuna anayeweza kujua amefika wapi kati ya namba hizo bila kupima.

Narudi kwenye peptidi. Mwaka 1967 Donald Steiner wa Chuo Kikuu cha Chicago alionyesha kwamba kongosho hutengeneza kwanza mnyororo mmoja mrefu, ambao baadaye hukatwa na kutoa insulini pamoja na kipande kingine chenye amino asidi 31 kinachoitwa peptidi C. Kila insulini moja inapotoka, peptidi C moja hutoka nayo. Kwa kuwa insulini ya dukani haina peptidi C, madaktari huipima ili kujua kongosho la mgonjwa bado linafanya kazi kwa kiasi gani, na hicho ni kipimo chenye manufaa makubwa katika kutofautisha aina za kisukari. Lakini ini haliigusi peptidi C kama linavyofanya kwa insulini. Figo ndizo zinazoiondoa kwa sehemu kubwa. Mtu mwenye figo dhaifu anaweza kupimwa na kukutwa na kiwango cha juu, na asiyeelewa akamwambia kwamba kongosho lake limefufuka. Chukua sasa mgonjwa huyo huyo, sukari yake imeshuka, majibu ya peptidi C yako juu, na kuna mtu amemuuzia dawa ya mitishamba miezi miwili iliyopita. Ni nani atakayemshawishi kwamba hajapona? Ushahidi wote alionao mkononi unamwambia amepona, na kila kipande cha ushahidi huo kimetengenezwa na ugonjwa wa figo.

Hata kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari wa miezi kama 3 hivi, ambacho tunakitegemea kuliko vyote, huyumba hapa. Kipimo hicho husoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu. Figo zikishindwa, chembe hizo huishi muda mfupi zaidi, mgonjwa hupungukiwa damu, na wengine huongezewa damu au huchomwa sindano za kuchochea utengenezaji wake. Chembe zinakuwa changa, hazijapata muda wa kukusanya sukari, na jibu linasomeka dogo kuliko ukweli. Miongoni mwa wagonjwa wa kisukari walio kwenye mashine za kusafishia damu, tafiti za Marekani zilikuta karibu theluthi moja wana HbA1c iliyo chini ya asilimia 6, namba ambayo mtu mwenye kisukari cha kawaida angeifanyia sherehe.

Zipo peptidi nyingine ambazo kiwango chake hupanda au kushuka katika ugonjwa huu. BNP, peptidi itolewayo na moyo, iliyogunduliwa Japani mwaka 1988 baada ya Adolfo de Bold kufungua njia nchini Canada mwaka 1981 kwa kuonyesha kwamba moyo wenyewe hutoa homoni ya kukojoza chumvi, hutumika kutambua moyo uliozidiwa, lakini hupanda pia figo zinapochoka, hivyo daktari anayeisoma bila kujua hali ya figo anaweza kukosea. Kopeptini, ambayo hutolewa sambamba na homoni ya kubakiza maji mwilini, imeonekana kuwa juu kwa watu wa kisukari ambao baadaye figo zao zilidhoofika haraka. Irisini, iliyotangazwa mwaka 2012 na kundi la Bruce Spiegelman wa Harvard kuwa ni ujumbe utokao kwenye misuli, imeripotiwa na watafiti kadhaa kuwa chini kwa wenye kisukari na figo dhaifu, ingawa wanasayansi wamebishana sana juu ya usahihi wa vifaa vilivyotumika kuipima. Nafurahi kwamba kazi hizi zinafanyika. Siku moja, mojawapo ya peptidi hizi huenda ikaokoa watu. Kwa sasa, hakuna hata moja katika hizi inayoweza kuchukua nafasi ya kipimo cha mkojo na kipimo cha damu tulivyo navyo, na mwananchi asitumie akiba yake kusaka kipimo cha irisini wakati albumini, yaani protini ya damu inayovujia kwenye mkojo, haijawahi kupimwa kwake.

Albumini ndiyo habari kubwa, na naomba uvumilivu wa wasomaji nikae hapo kidogo. Vichujio vya figo vikiwa vizima, protini hii haipiti. Kisukari kinapovitoboa, huanza kuvuja kidogo kidogo miaka mingi kabla mtu hajavimba, kabla kreatinini haijapanda, kabla hajahisi chochote. Harry Keen na wenzake London walibuni njia ya kuupima uvujaji huo mdogo katika miaka ya 1960, na mwaka 1982 Viberti na wenzake walionyesha kwamba kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, wanaovuja kidogo leo ndio watakaougua figo kesho. Miaka miwili baadaye Mogensen wa Denmark akaonyesha kwamba hata kwa kisukari cha ukubwani uvujaji huo mdogo hutabiri uvujaji mkubwa na kifo cha mapema. Kipimo hulinganisha albumini na kreatinini katika mkojo wa mara moja, ule wa asubuhi ukiwa bora zaidi. Chini ya miligramu 30 za albumini kwa gramu moja ya kreatinini ni salama. Kati ya 30 na 300 ni onyo. Zaidi ya 300 ni uharibifu mkubwa. Kwa kuwa homa, maambukizi ya njia ya mkojo au mazoezi makali vinaweza kupandisha jibu, kipimo hurudiwa, na mtu huhesabiwa kuwa na tatizo akikutwa nalo mara mbili kati ya tatu ndani ya miezi michache.

Tatizo ni kwamba katika vituo vingi mgonjwa hupimwa kwa kile kijiti cha rangi kinachochovywa mkojoni, akaambiwa protini hakuna. Kijiti cha kawaida huanza kuonyesha protini pale ambapo uvujaji umeshakuwa mkubwa. Miaka yote ya onyo, ambayo ndiyo miaka ambayo dawa ingefanya kazi vizuri zaidi, inapita kijiti kikiwa cha manjano na mgonjwa akiwa na amani. Kijiti hicho ni bora kuliko kutopima kabisa, na kwa zahanati isiyo na kingine kitumike; lakini jibu la kwamba hakuna kitu lisichukuliwe kuwa cheti cha afya ya figo.

Wapo watakaosema kupima bila dawa ni kumwongezea mtu hofu. Dawa zipo. Mwaka 1993 kaptoprili, dawa ya presha, ilithibitishwa kuchelewesha kufa kwa figo kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, na mwaka 2001 losatani, nayo dawa ya presha, ikathibitishwa kwa wenye aina ya pili. Losatani leo inauzwa katika maduka ya dawa karibu kila mji, na ni miongoni mwa dawa zisizo ghali, ila isipewe mama mjamzito, na anayeianza apimwe potasiamu na kreatinini. Mwaka 2019 utafiti wa kanagliflozini, kidonge cha kisukari kinachotoa sukari kwa njia ya mkojo, uliohusisha wagonjwa 4,401 ulionyesha kupungua kwa asilimia 30 kwa hatari ya figo kushindwa na vifo vitokanavyo na figo au moyo, na kundi hilo la dawa limo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2021. Mwaka 2024 semaglutidi, ambayo nayo ni peptidi iliyotengenezwa kwa kuiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, ilipunguza kwa asilimia 24 hatari ya matukio makubwa ya figo na vifo vitokanavyo na figo au moyo, katika utafiti wa watu 3,533 wenye kisukari na ugonjwa wa figo. Mwaka 2025 shirika hilo liliiingiza pia katika orodha hiyo. Bei yake bado iko mbali na mifuko ya wengi wetu, na hilo ni la kupiganiwa. Lakini mgonjwa asiyejua kwamba figo zake zinavuja hawezi kufaidika hata na losatani.

Natambua, na lazima niseme kwa haki, kwamba si kila sukari inayoshuka ni figo. Kisukari cha aina ya pili kinaweza kweli kutulia. Utafiti wa DiRECT uliofanyika Uingereza, ukihusisha watu 306 ambao kisukari chao hakikuwa kimezidi miaka 6, ulionyesha kwamba asilimia 46 ya waliowekwa kwenye mpango maalumu wa chakula wa kupunguza uzito walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila dawa baada ya mwaka mmoja, ukilinganisha na asilimia 4 ya wenzao. Hao walipungua kilo nyingi kwa makusudi, na ugonjwa wao ulikuwa mchanga. Anayepaswa kutiliwa shaka ni yule mwenye kisukari cha miaka 15 au 20, asiyebadili chochote, ambaye mahitaji yake ya insulini yanapungua yenyewe, hasa kama ana presha, macho yake yameshaanza kuharibika, miguu inavimba au mkojo una povu lisiloisha.

Kati ya watu 10 wenye kisukari, 3 hadi 4 hupata ugonjwa wa figo katika maisha yao. Tumepiga hatua katika kuwatibu waliofika mwisho: Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Novemba 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, na mashine za kusafishia damu zimefika mikoani. Hata hivyo anayesafishwa damu anahitaji kulala kwenye mashine saa 4 hivi, mara 3 kwa wiki, wiki zote za maisha yake yaliyobaki asipopata figo, na nimeona familia zikiuza kiwanja, kisha ng'ombe, kisha kumtoa mtoto shule ili mzee afike kwenye mashine hiyo. Kikopo cha mkojo miaka 10 kabla kingegharimu sehemu ndogo mno ya fedha hizo.

Kwa hiyo nina maombi. Kwa Wizara ya Afya na wenzake wa nchi jirani: kadi ya kliniki ya kisukari iwe na safu ya albumini ya mkojo na ya kasi ya uchujaji wa figo karibu kabisa na safu ya sukari, ijazwe angalau mara moja kwa mwaka, na muuguzi asiruhusiwe kufunga mwaka wa mgonjwa safu hizo zikiwa tupu. Kipimo cha albumini kiwemo katika huduma za msingi zinazolipiwa na bima, kwa sababu kikiachwa kwenye orodha ya vipimo vya kulipia mfukoni, wanaokihitaji zaidi ndio watakaokikosa. Wenye maduka ya dawa nao wawe na desturi ya kumuuliza mtu kama ana kisukari kabla ya kumuuzia diklofenaki ya maumivu ya magoti, maana dawa za kundi hilo humalizia figo zilizokwisha kudhoofika.

Ombi langu la pili nalielekeza kwenu wahariri. Kila mara vyombo vya habari huleta ushuhuda wa mtu aliyetumia majani, mizizi au unga fulani na sukari yake ikarudi 5 baada ya miaka 20. Siwaombi mwache kumsikiliza mtu huyo. Naomba mwandishi anapomhoji amuulize maswali mawili na ayachapishe pamoja na majibu yake: kreatinini yake ni kiasi gani, na albumini ya mkojo wake ilipimwa lini. Asipokuwa na majibu, habari hiyo isubiri mpaka ayapate. Vipimo hivyo havichukui zaidi ya siku chache, na mtu huyo huenda akawa ndiye wa kwanza kunufaika navyo.

Na kwa msomaji ambaye wiki hizi mashine yake imeanza kumpa namba nzuri asizozitarajia: usiache insulini kwa uamuzi wako, na kama una kisukari cha aina ya kwanza usiiache hata siku moja. Weka kitu chenye sukari karibu na kitanda, mwambie unayelala naye chumba kimoja dalili za kushuka kwa sukari ni zipi, chukua daftari lako uende kliniki mapema bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, na ukifika utamke wazi kwamba unaomba kupimwa kreatinini ya damu na albumini ya mkojo.

Wako katika huduma,
Muuguzi mstaafu,
Tanga.